Okot p'Bitek na Swali la Utu

Askari aliyepata kupangiwa zamu katikati ya mji wa Kampala, awe wa jeshi au wa polisi, hakosi kulijua Jumba la Maonyesho la Taifa, lililo jirani na majengo ya Bunge. Wengi wetu tumelipita mara nyingi bila ya kuwaza kwamba Mwafrika wa kwanza kuliongoza alikuwa mtu aliyeutumia umri wake wote kuuliza swali moja tu, nalo ni hili la kujua ni kitu gani kimfanyacho mtu awe mtu. Huyo ni marehemu Okot p'Bitek. Tunayasimulia maisha yake leo kwa ajili ya ndugu zetu waliovaa sare, kwa kuwa swali hilo aliwaelekezea wao pia, tena kwa ukali usiopungua ule aliowaelekezea mapadri, maprofesa na mawaziri.

Okot alizaliwa Gulu, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake, Jebedayo Opii, alikuwa mwalimu na muumini wa Kanisa la Kiprotestanti, na kadhalika alikuwa hodari wa kusimulia hadithi. Mama yake, Lacwaa Cerina, alisifika kwa kutunga na kuimba nyimbo. Basi mtoto alikulia katika nyumba ambamo Biblia na ngoma vilikaa pamoja, na hapana shaka kwamba sauti ya mama ndiyo iliyodumu zaidi masikioni mwake, maana vitabu vyake vikubwa vyote aliviita nyimbo.

Hatuna budi kukumbuka jinsi Waacholi walivyotazamwa na serikali ya kikoloni wakati huo. Waingereza waliwagawa wananchi wa Uganda kwa kazi. Watu wa kusini walifanywa makarani na wakulima wa pamba na kahawa. Watu wa kaskazini wakafanywa hazina ya kutolea askari wa Keya, polisi, na vibarua wa mashamba makubwa. Kijana wa Kiacholi aliyekuwa mrefu na mwenye kifua kipana alipimwa kwa jicho la bwana aliyetafuta mtu wa kubeba bunduki, na baada ya miaka michache ya kupimwa hivyo ikasemwa kuwa Waacholi ni watu wa vita kwa maumbile yao. Uongo huo uliwadhuru sana Waganda wa pande zote, kama tutakavyoona mbele. Okot aliujibu kwa kazi. Mwaka 1974 alitoa mkusanyo wa nyimbo za Waacholi uitwao Horn of My Love, na ndani yake nyimbo za vita zimo, lakini zimekaa pamoja na nyimbo za mapenzi, za kuomboleza maiti, za kudhihaki wakubwa na za kujisifu katika ngoma, kama zikaavyo katika maisha ya taifa lolote duniani.

Alisoma Gulu High School, kisha King's College, Budo, karibu na Kampala, ambako alitunga na kuongoza mchezo wa kuimba akiwa bado mwanafunzi. Kutoka hapo alikwenda chuo cha ualimu Mbarara, akarudi kufundisha katika shule ya Sir Samuel Baker karibu na Gulu, akisimamia pia kwaya. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22, alitoa riwaya yake ya kwanza kwa Kiacholi, Lak Tar. Inamhusu kijana asiye na baba ambaye anampenda msichana lakini hana mahari. Kijana anakwenda Kampala kutafuta fedha, mji unamchezea, anaishia kuwa kibarua wa miwa upande wa Jinja, na hicho kidogo alichokipata anaibiwa njiani akirejea kwao. Kuruti wengi waliojiandikisha jeshini kwa ajili ya mahari wataijua safari hiyo bila ya kuelezwa zaidi.

Kilichomtoa Okot nchini si kalamu, ni mpira. Alikuwa mchezaji mzuri, na mwaka 1956 alisafiri na timu ya taifa ya Uganda kwenda Uingereza, katika ziara ile ambayo wenyeji walishangaa kuwaona wachezaji wakikimbia uwanjani miguu mitupu. Michezo ilipokwisha, yeye akabaki kusoma. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth huko Wales, na hatimaye akaingia Oxford mwaka 1960 kusomea anthropolojia, yaani elimu ya mila na maisha ya jamii.

Huko Oxford ndiko moto ulikowaka. Katika darasa la kwanza kabisa alimsikia mhadhiri akiwataja Waafrika, na watu wengine wasiokuwa Wazungu, kwa majina ya washenzi na watu wa kale wasiostaarabika. Okot alisimama akapinga. Hakusikilizwa, na majina hayo yaliendelea kutumika darasani na katika vitabu alivyoagizwa kuvisoma. Fikirini, ndugu wasomaji: mtu amevuka bahari ili asome habari za mama yake na shangazi zake, anafika na kukuta wameandikwa katika daftari la wanyama. Miaka kumi baadaye tasnifu yake ya shahada ya juu kabisa kuhusu dini ya Waluo wa Kati ilikataliwa na chuo hicho hicho. Ilichapishwa Nairobi mwaka 1971 kama kitabu, na wataalamu wanaisoma hadi leo.

Katika miaka hiyo ya Uingereza imani ya Kikristo aliyolelewa nayo ilimtoka. Hakuichukua dini nyingine mahali pake, wala hakugeuka kuwa mwabudu mizimu kama wengine walivyodhani walipoona anavyoitetea mila. Aliisimamia mila kwa sababu ni kazi ya mikono na akili za watu, na watu ndio waliokuwa msingi wa mawazo yake yote. Katika Kiswahili tunalo neno linalotosha, nalo ni utu, na wale wanaoshika njia hiyo kama msimamo wa maisha huitwa wanautu. Okot hakuwa na chama cha wanautu. Vyama vya namna hiyo vilianza kuonekana Uganda katika miaka ya 1990, muda mrefu baada ya yeye kufariki. Lakini hoja nyingi zinazojadiliwa katika mikutano yao alikuwa amekwisha kuzianika katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi.

Kisa kimoja katika kitabu hicho kinafaa kusimuliwa kwa kirefu, maana kinamhusu kila mtu ambaye kazi yake ni kuuliza maswali. Mnamo mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliofika nchi ya Waacholi waliwaita wazee wakataka kujua ni nani aliyewaumba. Katika lugha ya Kiluo, asema Okot, hapakuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya kutoa kitu pasipo kitu. Kwa hiyo swali lilipofasiriwa liligeuka kuwa: ni nani aliyewafinyanga, kama mfinyanzi afinyangavyo chungu. Wazee walishangaa. Wao walijua kuwa watu huzaliwa na mama zao, nao wakajibu kwamba hawajui. Mapadri hawakuridhika. Waliuliza tena na tena, mpaka mzee mmoja akakumbuka kwamba iko jok, yaani nguvu au pepo, iitwayo Rubanga, ambayo humshika mtu mzima wa afya na kumkunja mgongo hadi awe na kibyongo, ugonjwa ambao madaktari huuita kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huyo, akasema mzee, ndiye afinyangaye watu. Mapadri wakafurahi, wakaandika, na tangu siku hiyo jina la pepo wa kibyongo likawa jina la Mungu Mwenyezi katika sala na vitabu vya Waacholi.

Polisi mpelelezi ataona mara moja kosa lilipo. Aliyeuliza alikwenda na jibu lake mfukoni, akamshikilia shahidi mpaka shahidi akasema neno linalofanana nalo. Ni mara ngapi jambo hilo limetendeka katika vyumba vya kuandikia maelezo, nasi hatuna haja ya kutaja vituo. Okot hakumlaumu mzee. Mzee alitaka kumpendeza mgeni na aondoke zake. Alimlaumu muulizaji asiyekubali kwamba mtu aliye mbele yake anaweza kuwa na akili iliyopangika kwa namna nyingine.

Lawama hiyo hakuibagua kwa rangi. Aliwashambulia kwa nguvu ile ile wasomi wa Kiafrika waliowavika miungu wa mababu nguo za Kiyunani ili wafanane na Mungu wa wamisionari, na mmoja wao alikuwa John Mbiti, aliyekuwa akifundisha dini hapa hapa Makerere, mtu mwenye elimu na heshima kubwa. Sisi hatusemi kwamba Okot alishinda mabishano hayo. Waumini wa dini mbalimbali wanaosoma ukurasa huu watakuwa na hoja zao, na Mbiti alikuwa na zake, nzuri tu. Tunaloliona ni kwamba mabishano yalifanywa kwa vitabu, na hakuna aliyekamatwa kwa ajili yake.

Aliporejea Uganda alifanya kazi katika idara ya Makerere ya elimu ya watu wazima, kituo kikiwa Gulu, na huko akaanzisha tamasha la sanaa. Ndipo pia alipoukamilisha Wimbo wa Lawino. Muswada wa kwanza aliuandika kwa Kiacholi katika miaka ya 1950 na haukupata mchapaji. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiingereza ilichapishwa Nairobi mwaka 1966, na kwa muda mfupi jina lake likaenea Afrika nzima. Lawino ni mwanamke wa shamba, hakusoma. Mumewe Ocol amesoma mpaka akawa mtu wa siasa, naye anamwona mkewe mchafu, mjinga na mshamba, anaichukia ngoma, anachukia chakula cha kwao, na amemchukua mwanamke wa mjini ajipakaye poda. Lawino hanyamazi. Anaeleza moja moja jinsi kwao wanavyopika, wanavyocheza, wanavyowalea watoto, wanavyohesabu majira, kisha anamcheka mume aliyejaa kasumba hata hawezi kumsalimu mama yake mzazi.

Wako waliomkosoa Okot kwa kitabu hicho. Taban lo Liyong, mwandishi mwenzake, hakuona utamu uliosifiwa na wengine, na wengine tena walisema kwamba Lawino anaipamba mila kupita kiasi, kwamba mila hiyo hiyo haikumtendea mwanamke haki katika kila jambo. Ukosoaji huo una ukweli wake. Hata hivyo hatujui kitabu kingine cha zama zile ambacho mtu asiye na cheti, asiye na cheo wala mali, amepewa kurasa nyingi namna ile kusema anavyouona ulimwengu, na msomi akalazimika kukaa kimya na kusikiliza.

Mwaka huo huo wa 1966 Okot aliteuliwa mkurugenzi wa Jumba la Maonyesho na Kituo cha Utamaduni, Kampala. Jumba lilifunguliwa mwaka 1959, na katika miaka ya kwanza liliwahudumia zaidi wageni, kwa michezo ya kigeni. Okot alifungua milango. Oktoba 1967, katika sherehe za kuadhimisha Uhuru, aliandaa tamasha la siku nane, ngoma na nyimbo za pande zote za nchi zikaingia mahali ambapo kabla ya hapo watu waliingia kwa tai.

Nchi wakati huo ilikuwa imekwisha kupasuka. Mei 1966 majeshi yalikuwa yameivamia ikulu ya Kabaka huko Mengo, chini ya Kanali Idi Amin na kwa amri ya Milton Obote, na askari wengi waliotumwa walikuwa vijana wa kaskazini. Hapo ndipo ule uongo wa kikoloni tulioutaja, kwamba kabila fulani ni la bunduki na jingine ni la kalamu, ulipoanza kulipwa kwa damu. Mkurugenzi wa Kiacholi aliyewakusanya Waganda wote kucheza pamoja, mwendo mfupi tu kutoka Mengo, alikuwa akifanya kazi kubwa kuliko burudani.

Haikudumu. Baada ya tamasha hilo Okot alifanya safari ya Zambia. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ametangaza mwaka huo huo wa 1967 kwamba utu ndio itakuwa falsafa ya taifa lake, na mtu angeweza kudhani kwamba katika nchi hiyo mshairi atakuwa salama kusema ya moyoni. Alisema, akiwagusa wanasiasa wa kwao. Aliporudi alikuta kazi hana. Serikali haikumpeleka gerezani, lakini mlango wa kazi ya umma ulifungwa, akavuka mpaka na kuingia Kenya, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kilimpa kazi katika tawi lake la Kisumu. Hakukaa kulia. Kabla mwaka 1968 haujaisha alikuwa ameanzisha tamasha jingine la sanaa, safari hii kando ya ziwa.

Sasa tunafikia kazi mbili ambazo, kwa maoni yetu, ndizo zinazowahusu zaidi wasomaji wetu wa jeshi na polisi. Zilitoka pamoja mwaka 1971 katika kitabu kimoja, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta. Ya kwanza ni Wimbo wa Mfungwa, ambao ulitolewa wakati Afrika Mashariki haijamaliza matanga ya Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi Julai 1969. Mfungwa amelala juu ya sakafu baridi, mikono na miguu imefungwa, mwili umevimba kwa kipigo. Anawafikiria watoto wake wenye njaa. Kadiri wimbo unavyoendelea, sauti inabadilika hata msomaji hana hakika kama huyu ni mzururaji maskini aliyeokotwa bustanini, au ni mtu aliyemwua kiongozi, au ni mheshimiwa aliyeporomoka kutoka cheo chake.

Baadhi ya wahakiki waliona hiyo ni kasoro. Sisi tunaona ndiyo shabaha. Okot hakutaka tumhurumie mfungwa kwa kuwa hana hatia. Alitaka tumtazame kabla hatujajua. Na jambo la kutia uchungu zaidi ni kwamba mfungwa huyu, akiwa chini ya buti, anamwita aliye juu yake ndugu. Askari aliyesimama na rungu naye katoka katika kijiji kile kile chenye njaa, mshahara wake hautoshi, watoto wake pia wanalia. Mshairi hamsamehi askari, wala hamfanyi mnyama. Anamwacha pale pale alipo, na neno ndugu likining'inia hewani.

Ya pili ni Wimbo wa Malaya, na hapo Okot anatuchekesha sote. Mwanamke wa mjini anawasalimu wateja wake, mabaharia, waheshimiwa, waalimu, watu wa dini, kila mmoja kwa unafiki wake, na wala hamsahau askari polisi anayemkamata kwa makosa ya umalaya hali alikuwa kitandani kwake usiku uliotangulia. Tunafahamu kwamba wimbo huo ulipita mikononi mwa maafisa wachache wasioufurahia. Lakini anayeufikiria vizuri ataona kwamba hoja ni ile ile ya Lawino na ya mfungwa: sheria ikishikwa na mtu aliyeuvua utu wake pamoja na suruali, inabaki kuwa kiboko tu.

Kitabu hicho kilipokuwa kikisomwa, Uganda ilikuwa tayari mikononi mwa wengine. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na katika miezi iliyofuata askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa kwa mamia ndani ya kambi zao wenyewe, huko Mbarara na Jinja na kwingineko, na askari wenzao. Waliolala chumba kimoja na kula mess moja waligawanywa kwa kutazamwa majina. Raia walifuata. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa kutoka Mahakama Kuu Septemba 1972, mchana, na hakuonekana tena. Mwaka 1977 ikawa zamu ya Byron Kawadwa, mtunzi wa michezo aliyekuwa akiliongoza Jumba la Maonyesho, katika kazi ile ile aliyokuwa nayo Okot. Alikuwa ametoka Lagos, katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, ambako kundi lake lilionyesha mchezo wa nyimbo alioutunga yeye. Aliporejea alikamatwa na kuuawa. Kufukuzwa kazi kwa Okot mwanzoni kulionekana msiba. Tukimfikiria Kawadwa, huenda ndiko kulikomwokoa.

Yeye alikuwa Nairobi miaka hiyo, akifundisha na kufanya utafiti chuoni, na baadaye alifundisha pia katika Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria. Mwaka 1975 Wimbo wa Lawino ulitoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Paul Sozigwa wa Tanzania. Jambo hilo lilikuwa na maana ya pekee kwa Uganda. Raia wengi wa kusini walikuwa wamekijua Kiswahili katika vizuizi vya barabarani, kama lugha ya mtu mwenye bunduki anayetaka saa ya mkononi au fedha. Lawino naye sasa aliweza kukisema.

Katika miaka hiyo ya ugenini, na baada ya kurudi, aliandika insha ambazo ndani yake wazo lake la utu lilikomaa. Wako wanafalsafa wa Ulaya waliofundisha kwamba mtu huzaliwa huru. Okot alikataa. Mtu, kwa maoni yake, huzaliwa akiwa amefungwa kwa mama yake kwa kitovu, na kitovu kikikatwa vinabaki vifungo vingine visivyoonekana: ni mwana wa fulani, ni mjomba wa fulani, ni mkwe, ni jirani, ni mzee wa ukoo. Kila kifungo kina haki yake na wajibu wake. Hata kifo hakimfungui, maana walio hai bado wanalo la kumtendea. Mtu aliyekatwa vifungo vyote asingekuwa huru, angekuwa si mtu.

Tukilitia wazo hilo katika maisha ya kambini, uzito wake unaonekana. Kuruti hupewa namba, hunyolewa, huvishwa nguo sawa na wenzake, na huambiwa kwamba sasa ana baba mmoja, naye ni amri. Jeshi lina sababu zake za kufanya hivyo. Lakini, kwa hesabu ya Okot, hakuna gwaride liwezalo kumfanya asiwe mwana wa mamaye, wala kumfanya yule aliye mbele ya mtutu asiwe mjomba wa mtu. Waliofyatua risasi Mbarara mwaka 1971 waliambiwa kwamba wanapiga Waacholi. Kila aliyeanguka alikuwa na kitovu kilichozikwa mahali.

Katika insha hizo anasema pia kwamba kila jamii ina watawala wa namna mbili. Mmoja hutawala kwa nguvu, na vyombo vyake ni askari, polisi, mahakama na jela. Wa pili ni msanii, mtunga nyimbo na hadithi, ambaye huwapa watu picha ya lipi jema na lipi la aibu, na sheria zote hufuata nyuma ya picha hiyo. Huyu wa pili, kwa maoni ya Okot, ndiye mtawala hasa. Maafisa wengi watalicheka wazo hili. Lakini na wajiulize ni kitu gani kilichowazuia wale askari, maana nao walikuwepo, waliomficha mfungwa, au waliomfungulia mlango wa nyuma jirani wa kabila jingine katika siku zile za kutisha. Hapakuwa na amri iliyoandikwa ya kufanya hivyo.

Amin aliangushwa Aprili 1979, na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala. Okot alirudi Makerere mwaka huo. Mji aliourudia haukuwa ule alioufungulia milango ya ngoma. Maduka yalikuwa yameporwa, usiku milio ya bunduki ilisikika, serikali zilibadilika moja baada ya nyingine, na kufikia mwaka 1981 vita vipya vilikuwa vimeanza upande wa Luwero. Aliendelea kufundisha. Mwaka 1982 alipewa kiti cha profesa wa utunzi wa fasihi, na mwezi Julai wa mwaka huo huo alifariki dunia hapa Kampala, akiwa na miaka 51.

Insha zake zilikusanywa na kuchapishwa Nairobi mwaka 1986, chini ya jina Artist, the Ruler. Riwaya yake ya ujanani ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989. Binti zake wawili walishika kalamu: Jane alitoa wimbo wake wa kuagana naye, na Juliane, aliye Canada, mwaka 2016 alitoa kitabu chenye mashairi 100 juu ya Rwanda, shairi moja kwa kila siku ya yale mauaji ya mwaka 1994.